Kitabu Nilichomtwika Fundi Saa

Skrubu ndizo zilizonitisha kwanza.

Nilikwenda kwa Fundi Saa siku ya Alhamisi, mchana, nikiwa nimekumbatia saa yangu ya ukutani kama mgonjwa, ingawa saa haikuwa na ubaya wowote. Nilitaka tu anisifu kidogo. Chumba chake cha kazi ni chembamba kama kabati: meza moja, taa ya shingo ndefu, na ukutani saa zipatazo arubaini, wala hukuti mbili zinazokubaliana. Alikuwa ameinama, lenzi jichoni, kibano mkononi. Akanyoosha mkono pembeni bila kutazama, akafungua kifuniko kilichoandikwa Jumanne, akachopoa skrubu ndogo kama chembe ya mchanga.

Nikakitazama kile kifuniko mara ya pili. Kilikuwa cha kisanduku chake cha vidonge, kile cha plastiki ya buluu chenye vyumba saba, kila siku na chumba chake. Miaka sita nimekiona mfukoni mwake, mezani kwake, kando ya kikombe chake cha chai. Sasa Jumatatu ilikuwa imejaa magurudumu, Jumanne skrubu, Jumatano mishale ya dakika.

"Vidonge umeweka wapi?" nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kutanyesha.

"Vidonge gani?"

"Vya presha, bwana. Na vile vyeupe vya moyo."

Akatoa lenzi jichoni, akanitazama kwa uso wa furaha ambao sikuupenda hata kidogo.

"Nimevimwaga chooni Jumapili, nikavuta maji. Leo siku ya tano, Lifti. Sijajisikia hivi tangu nilipooa."

"Nani amekudanganya ufanye hivyo?"

"Nani tena? Si wewe uliyenitwika?"

Saa zote arubaini zikaanza kunigongea kichwani.

Naitwa Lifti kwa sababu nimetengeneza lifti miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu. Shule niliacha darasa la nne. Mengine yote nimejisomea mwenyewe, nimekaa juu ya paa la lifti, taa ya kofia ikinimulikia ukurasa. Siku moja waya ulikatika tukiwa ghorofa ya tisa, na mimi niko katikati ya hadithi ya upelelezi; tulipotua chini nilikuwa nimeshamjua muuaji na nimebakiza kurasa mbili. Ukitaka amini, usipotaka shauri yako. Ninachosema ni kwamba shimo halijawahi kunitisha. Kisanduku kile cha buluu kilinitisha.

Sasa nieleze habari ya kutwika. Kila Jumamosi asubuhi tunakutana wanne kwenye chumba cha cherehani cha Mama Pazia, chini kabisa ya jengo letu la ghorofa saba. Mama Pazia anashona mapazia na anasoma hadithi za mapenzi tu. Katuni ni mchomeleaji vyuma, mwanamume wa miaka arubaini mwenye mikono kama nguzo, na hasomi chochote kisicho na picha. Ukimwambia katuni ni za watoto, anakukunjia ngumi kwanza halafu anakuazima tatu. Wa tatu ni Fundi Saa. Wa nne mimi. Kila mmoja anaeleza alichosoma wiki ile, kisha anachagua mtu wa kumpa. Anamwekea kitabu kichwani na kusema, "Nakutwika." Aliyetwikwa anakaa na kitabu kichwani mpaka maelezo yaishe, na Jumamosi inayofuata anatoa ripoti. Na yule ambaye wiki nzima hakusoma kitu, huyo anachemsha chai, anaosha vikombe, na haruhusiwi kufungua mdomo hadi kikao kiishe.

Hapo kwenye mdomo ndipo penye matatizo yangu.

Jumamosi iliyotangulia sikuwa nimesoma hata karatasi ya sabuni. Miwani yangu nilikuwa nimeikalia. Lakini nikiwaza kukaa saa mbili nzima bila kusema neno, huku Katuni akinitania, "Babu, sukari imepungua," nikaona heri kufa. Zamu yangu ilipofika nikasema nimesoma kitabu kiitwacho *Ngazi Mia Tatu*. Ni maisha ya mpima mvua mmoja aliyekaa juu ya mlima miaka arubaini, na kipimo chake kiko juu ya ngazi mia tatu za mawe. Madaktari wakamwambia moyo wako umechoka, meza vidonge, usipande kitu. Yeye akavimwaga vidonge ndani ya kipimo cha mvua, akaendelea kupanda kila siku, akazika madaktari watatu, akafa na miaka tisini na minane, tena kwa kuanguka kutoka kwenye punda.

Niliwatajia hadi ukurasa, wa mia na arubaini na mbili, pale anaposema: "Moyo ni mnyama wa kazi, ukimfungia zizini ananenepa na kufa." Hayo nayo niliyatunga palepale, na nilijipenda nilipoyasikia.

"Nani unamtwika?" Mama Pazia akauliza.

Nikamchagua Fundi Saa, kwa sababu ndiye anayenisikiliza vizuri kuliko wote. Kitabu sikuwa nacho, nikasema kiko kwa mdogo wangu. Basi nikamwekea kiganja changu kichwani. Akatulia chini ya mkono wangu kama mtu anayeombewa.

Sasa, mbele ya meza yake, mkono ule ule ulikuwa umeng'ang'ania saa yangu.

"Na ngazi napanda," akasema. "Jengo letu kila ghorofa ina ngazi ishirini, nimehesabu. Napanda mpaka juu mara mbili, halafu ghorofa moja ya nyongeza. Mia tatu kamili."

Ningesema pale pale. Mtu mwenye akili angesema. Mimi nikafungua mdomo, na kilichotoka kikawa uongo mwingine.

"Sasa ndugu yangu, sikukwambia. Kuna sehemu ya pili."

"Ya nini?"

"Ya kitabu. Mpima mvua anaanguka kwenye ngazi ya mia mbili. Anazirai. Anarudia vidonge vyake, anaomba msamaha kwa daktari. Sura nzima ya msamaha."

"Mbona Jumamosi hukusema?"

"Sikutaka kuwaharibia mwisho."

Akacheka hadi lenzi ikamdondoka. "Binti yangu amekupigia simu."

"Hata namba yangu hana!"

"Wewe Lifti, kwenye kuongeza chumvi hujambo, lakini leo umemwaga kopo zima. Niletee hiyo sehemu ya pili Jumamosi, niisome kwa macho yangu. Mpaka hapo, mimi ni wa sehemu ya kwanza."

Uongo wangu wa kwanza aliumeza bila maji. Wa pili aliutafuna akautema. Nikatoka na saa yangu kifuani, nikasahau hata kuaga.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye duka la dawa. Nilikuwa na wazo kwamba nikipata vidonge nitamsagia kwenye chai. Dada wa dukani akanisikiliza, mikono juu ya kaunta.

"Vyeupe, vya duara," nikamwambia. "Vya moyo."

"Vyeupe vya duara, babu, ninavyo aina sitini. Cheti kiko wapi?"

"Si vyangu. Ni vya rafiki. Ameacha."

"Ameacha vipi? Pole pole, kwa ushauri?"

"Ameacha kwa kuvuta maji ya choo."

Akaacha kutabasamu. "Siku ngapi?"

"Tano."

"Ana umri gani?"

"Sabini na moja. Na anapanda ngazi mia tatu."

"Mpeleke hospitali leo," akasema taratibu. "Si kesho. Kuna dawa za moyo, mtu akiziacha ghafla moyo unaruka kama chura. Anaweza kujisikia mzima kabisa, mpaka dakika ile ile. Umenielewa, babu?"

Nilielewa. Hicho kipande cha "mzima kabisa" ndicho kilichonimaliza, maana nilikuwa nimemwona kwa macho yangu, mzima kabisa, anacheka.

Nikarudi mbio kadiri magoti yalivyokubali. Chumba chake kilikuwa kimefungwa. Nikasikia nyayo juu yangu, kwenye ngazi. Tap, tap, tap. Nikaita. Akajibu kutoka juu, "Mia na sita! Usinikatize!" Nikamwambia twende hospitali. Akasema atakwenda siku nitakayoleta kitabu. Nikamwambia ni jambo la kufa na kupona. Akasema, "Hata mpima mvua aliambiwa hivyo, ukurasa wa ishirini."

Ukurasa wa ishirini! Nilikuwa nimeusema, ndiyo. Hakusahau hata nukta, na kila nukta ilikuwa yangu.

Ijumaa nzima nilikaa kwenye ngazi ya kwanza nikisikiliza. Akipanda, nahesabu. Akinyamaza, moyo wangu ndio unaoruka kama chura. Alinipita mara nne, kila mara akinisalimu kwa kejeli: "Shikamoo sehemu ya pili!" Mara ya nne niliona midomo yake imepauka. Nikamwambia. Akasema ni mwanga wa ngazini.

Mtaniuliza, kwa nini sikusema tu kwamba kitabu hakipo? Nami nitasema kweli, kwa kuwa nimechoka na mengine. Tangu nistaafu, hakuna mahali ninapongojewa isipokuwa pale kwa Mama Pazia. Wananivutia kiti. Wananyamaza nikianza. Nilijua siku nikisema neno lile, kiti hicho kimeondoka. Nikawa napima: kiti changu huku, rafiki yangu huku. Naona aibu kwamba nilihitaji kupima kwa siku nzima.

Jumamosi asubuhi tukakaa. Katuni alianza, na katuni yake ya mbwa anayeendesha treni, akamtwika Mama Pazia, kitabu kikamtelezea usoni mara mbili. Kisha ikaja zamu ya Fundi Saa kutoa ripoti. Akasimama. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni kwa jasho, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi.

"Sijakisoma bado," akasema, "lakini nimekiishi. Siku ya saba bila kidonge. Mia tatu kila siku. Ndugu zangu, kitabu hiki nawatwika nyote."

Mama Pazia akasukuma cherehani kando. "Hebu na mimi niache hivi vya presha vinavyonikojoza usiku kucha. Jumatatu naanza."

Wawili sasa. Nikaona kiganja changu kikitua juu ya kichwa kimoja baada ya kingine, mtaa mzima.

"Kitabu hakipo," nikasema.

"Tunajua, kiko kwa mdogo wako," Katuni akasema.

"Hakiko kwa mdogo wangu. Hakiko popote. Hakijaandikwa. Nilikalia miwani, sikusoma kitu, nikaona aibu ya kuchemsha chai. Nikatunga."

Wakacheka wote watatu. Sijawahi kusikia kicheko kibaya kama kile. Nikapiga meza kwa ngumi, sindano zikaruka.

"Nimetunga! Mlima, mvua, punda! Sehemu ya pili pia nimetunga! Fundi, utakufa, unanisikia? Utakufa kwa porojo yangu!"

Mama Pazia ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alinikazia macho.

"Na kile cha mjane mwenye wachumba wanne?"

"Hicho pia."

"Nimekiulizia madukani miaka miwili, wewe! Nimegombana na muuza vitabu, nikamwita mjinga!" Akanirushia kibiringo cha uzi, kikanipata sikioni. "Na kile cha daktari wa meno na mwimbaji?"

"Hicho kipo. Nusu. Mwisho wake niliubadilisha."

"Yatosha," Fundi Saa akasema, kwa sauti ya chini. Bado alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza. "Na *Harusi Juu ya Tangi*?"

Hapo nikatamani waya ukatike tena, nishuke ghorofa tisa.

Mwaka ule mkewe alipokuwa kitandani, mwezi wake wa mwisho duniani, nilimsimulia Fundi habari ya bwana harusi aliyeingia ndani ya tangi la maji juu ya paa kuokota pete, akakwama, ikabidi harusi ifungwe hukohuko juu, shehe wa ndoa akipiga kelele kwenye bomba. Fundi alikuwa akienda nyumbani na kumsimulia mkewe. Akirudi anasema, "Shemeji yako amecheka mpaka muuguzi amekuja. Anataka kujua kilichofuata." Na mimi kila wiki nikampa sura mpya. Nilimwambia kitabu ni kinene, nasoma polepole.

Ningeweza kusema hicho kilikuwa kweli. Neno moja tu, na angebaki nacho. Lakini angenishika palepale: kama kile ni kweli, basi na hiki ni kweli, unatutania tu. Na macho yake yalikuwa yananiomba niseme hivyo.

"Nilikitunga," nikasema. "Sura zote. Kwa ajili ya shemeji."

Fundi akasukuma kiti, akatoka. Nilidhani anakwenda nyumbani. Kisha tukasikia nyayo kwenye ngazi, si tap, tap ya kila siku, bali nzito na za haraka, kama mtu anayezikanyaga kwa makusudi.

"Anafanya nini?" Mama Pazia akauliza.

Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Ghorofa ya kwanza nilimwita. Ya pili nilimwita. Ya tatu sikuwa na pumzi ya kuita, nikabaki kusikiliza, na mradi nilisikia nyayo nilishukuru. Ghorofa ya nne nyayo zikasimama.

Nimekuwa kwenye mashimo meusi, nimening'inia kwa mkono mmoja, na nawaambia hakuna kitu cheusi kama ukimya ule wa ngazini saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani.

Nilimkuta amekaa kati ya ghorofa ya nne na ya tano, mgongo ukutani, mkono wa kushoto ameushikilia kwa wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Uso ulikuwa rangi ya majivu.

"Tembo," akasema. "Tembo amekaa kifuani."

"Katuni!" nikapiga kelele. "Katuni, njoo!"

Katuni alipanda ngazi tatu tatu. Hakuuliza. Akambeba kama mtoto, akashuka naye, na mimi nyuma nikishikilia kiatu chake kimoja kilichochomoka, nikisema, "Pole pole, pole pole," halafu, "Haraka, jamani, haraka."

Hospitalini walimwingiza nyuma ya pazia la kijani. Muuguzi akatoka na karatasi. Nilimsoma uso kwanza, na uso haukuwa mzuri.

"Nani alimwambia aache dawa?"

"Mimi."

"Wewe ni daktari?"

"Fundi lifti."

Akaandika. Naam, aliandika hivyo hivyo, niliona kalamu ikienda. Kisha akasema tukae. Tulikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tano. Mama Pazia hakusema nami, ila baridi ilipozidi, aliniwekea mtandio wake mapajani, kwa hasira, kama anayetupa kitu. Kila pazia lile lilipofunguliwa, nilisimama. Lilifunguliwa mara kumi na tisa.

Jioni wakasema yu hai. Wakasema pia wasingeahidi kitu, siku tatu hizi ndizo za kuogopwa, na kwamba hataki kumeza vidonge. Amegeuka ukutani, amefunga mdomo.

"Binti yake yuko njiani," muuguzi akasema, "lakini hadi kesho kutwa. Kuna mtu anayemsikiliza?"

Wote wawili wakanigeukia mimi, Mama Pazia na Katuni, na sijui kama ilikuwa lawama au nini.

Jumapili saa ya kuwaona wagonjwa niliingia peke yangu. Nilikuwa nimevaa miwani yenye gundi katikati, na kwapani katuni ya yule mbwa, kwa sababu ndicho kitabu pekee kilichokuwa mkononi mwa Katuni aliponisukuma mlangoni. Fundi Saa alikuwa mdogo kitandani. Nyaya zilimtoka kifuani, na mashine pembeni ilikuwa ikilia kila moyo wake ulipopiga. Mimi nikawa nangoja kila mlio, na kati ya mmoja na mwingine sikuvuta pumzi.

Kisha Fundi akanyoosha mkono.

"Hicho nini?"

"Katuni."

"Umekitunga?"

"Kishike mwenyewe."

Akakishika. Akakigeuza, akakinusa wino, akaupitisha ukucha kwenye mshono wa katikati, kama anavyofanya saa inapoletwa na mtu asiyemwamini. Akakifungua ukurasa wa kwanza, akakiinamisha ili wote wawili tuone.

"Soma. Miwani yangu iko nyumbani, lakini maneno naona yanapoanzia na yanapoishia. Nitajua."

Nikasoma. Mbwa anaingia kituoni. Mbwa anavaa kofia. "Jamani, treni imechelewa," nikasoma.

"Hapo umeongeza. Povu hilo la mdomoni mwa mbwa lina maneno mawili."

Nikaangalia. Kweli, "jamani" haikuwemo. Imetoka yenyewe.

"Samahani. 'Treni imechelewa.'"

"Endelea."

Tulifika ukurasa wa saba muuguzi alipoingia na kikombe cha maji na vidonge viwili kwenye kifuniko. Fundi Saa akafunga mdomo, akageuza macho. Mashine ikaongeza mwendo.

"Mzee, tafadhali," muuguzi akasema.

Yeye akanitazama mimi. "Huyu mbwa, kitabuni humu, anameza dawa?"

Nilijua namna ya kujibu. Nilikuwa na mbwa mgonjwa tayari kwenye ulimi, na daktari wa reli, na sura nzima.

"Hapana," nikasema. "Hakuna dawa humu. Anaendesha treni tu."

"Basi mimi nimeze kwa sababu gani?"

Nikatafuta. Hakukuwa na ukurasa wowote wa kushika.

"Kwa sababu naogopa," nikamwambia. "Tangu Alhamisi naogopa. Sijui kukwambia vizuri zaidi ya hapo."

Alinitazama vile anavyotazama mtambo ndani ya saa. Kisha akapokea vidonge, akaviweka mdomoni, akanywa maji, akatoa ulimi kwa muuguzi kuonyesha kwamba vimekwenda.

"Hujasamehewa," akaniambia. "Ukurasa wa nane. Na usiongeze neno."